Lupita mmoja, filamu tatu: uhakiki uanzie wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni msichana wa Kisauni, nimemaliza chuo na napenda sana kuandika kuhusu filamu. Nimetazama tatu ambazo Lupita Nyong'o ndiye mhusika mkuu: Us, A Quiet Place: Day One na The Wild Robot. Nataka kuziandikia uhakiki mmoja kwa Kiswahili, lakini kila nikianza najikuta nasimulia hadithi mwanzo mpaka mwisho, halafu namalizia na "Lupita ameigiza vizuri sana". Rafiki yangu anasema niitoe ile ya roboti kwa sababu ni katuni na Lupita haonekani hata mara moja. Mamangu mdogo naye anasema nisimkosoe popote, kwa kuwa ni wetu. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Ile ya roboti usiitoe. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo inayofaa kuufungua uhakiki wako, kwa sababu ndiyo inayomlazimisha msomaji kujiuliza mwigizaji hasa hufanya kazi gani.

Tazama ulichonacho mkononi. Mwigizaji wa filamu hufanya kazi kwa uso, kwa mwili na kwa sauti. The Wild Robot imemnyima Lupita uso na mwili, ikamwachia sauti peke yake. A Quiet Place: Day One imemnyima sauti kwa sehemu kubwa, ikamwachia uso na mwili. Us haikumnyima kitu, ila imemtaka awe watu wawili wa sura moja, wanaotazamana na kupigana, na mtazamaji ajue kila mara yupi ni yupi. Hukuzichagua kwa mpango huo, lakini mpango upo, na mhakiki akishauona haufai kumpita. Swali lako basi ni moja: akipokonywa chombo cha kazi, Lupita hufanya nini na vile vilivyobaki? Kila aya unayoandika iwe inalijibu swali hilo. Isiyolijibu itoe, hata kama imekaa vizuri. Hapo ndipo ugonjwa wa kusimulia hadithi utakapokutoka, maana sehemu kubwa ya hadithi haina la kusema juu ya swali lako. Msomaji anahitaji sentensi mbili tatu za kumweleza nani ni nani na yuko wapi, kisha anataka kujua wewe umeona nini.

Twende kwa Roz wa The Wild Robot. Filamu ni ya mwaka 2024, mwelekezi ni Chris Sanders, na imetokana na kitabu cha watoto cha Peter Brown. Roz ni roboti ya kuhudumia watu, iliyosombwa na dhoruba hadi kisiwa chenye wanyama peke yao. Kwa ajali anaangukia kiota cha bata bukini, anaua familia nzima, linabaki yai moja, na kinda akitoka ndani ya yai anamchukua Roz kuwa ndiye mama. Sasa mtazame Roz usoni. Ana macho mawili ya taa, na hana mdomo wa kufungua na kufunga. Katika katuni nyingi mdomo humfanyia mwigizaji nusu ya kazi: ukitanuka tunajua kicheko kinakuja, ukipinda tunajua ni kilio. Roz hana msaada huo. Wachoraji wamempa shingo ya kuinamisha na mikono mirefu, na mzigo uliobaki, wa kutuambia anahisi nini au kama anahisi chochote, umewekwa kwenye koo la Lupita.

Sikiliza anavyozungumza alipotua tu kisiwani. Sauti iko juu kidogo, nyangavu, yenye uchangamfu wa kufunzwa. Kila neno limekamilika, kila sentensi inaishia palepale, na jibu linatoka mara tu swali linapoisha. Lupita mwenyewe ameeleza kwamba alisikiliza sauti za mashine kama Siri na Alexa alipokuwa akimtafuta Roz. Anatafuta mteja wa kumhudumia, na mbele yake ni wanyama wanaokimbia kuokoa roho zao. Kisha rukia mbele, hadi kinda Brightbill ameshakua na inabidi ajifunze kuruka kabla ya baridi kufika. Sauti ni ileile ya mtu yuleyule, lakini imeshuka, na mapengo yameingia. Anaulizwa jambo, anakawia kidogo, ndipo anajibu. Wakati mwingine anaanza sentensi kwa lugha ya mashine, ya kazi na kutimiza kazi, na kabla haijafika mwisho imeshakuwa ya mzazi. Hakuna mahali ambapo Lupita analia ili tujue kwamba roboti imepata moyo. Mwigizaji mwenye pupa angelia. Yeye amelipunguza lile tabasamu lililo ndani ya sauti, kidogo kidogo, mpaka limeisha, na chini yake tukamkuta mtu.

Hiyo ni kazi ya uigizaji, na ngumu. Mwambie rafiki yako kwamba wazee wetu hapa Mombasa, waliolelewa na michezo ya redio, hawangeuliza swali lake. Walimchukia mwizi na kumlilia mjane bila kuwaona. Ni kweli tuzo za Oscar hazina kundi la waigizaji wa sauti, na huenda ndiko fikra ya kwamba kazi hii haihesabiki inakotoka. Lakini watu wa katuni wana tuzo zao, za Annie, na mwaka 2025 zilimpa Lupita ushindi wa uigizaji wa sauti kwa kazi hii ya Roz. Usiuegemeze uhakiki wako kwenye tuzo. Hii nimekutajia ya kumjibia rafiki tu.

Kuna filamu moja ambayo hukuitaja na ningependa uitafute kabla hujaandika: Little Monsters, ya mwelekezi Abe Forsythe wa Australia, ya mwaka 2019. Lupita ni Miss Caroline, mwalimu wa chekechea aliyewapeleka watoto matembezini na wakazingirwa na maiti wanaotembea. Yeye anawashawishi watoto kwamba yote ni mchezo. Anaimba, anapiga ukulele, anawapanga mstari, na sauti yake inabaki ya darasani wakati mwili wake unajua kabisa kwamba wanaweza kufa dakika yoyote. Filamu yenyewe ina mizaha mingi michafu ambayo mimi sikuipenda. Lakini ile sauti ya furaha iliyotandazwa juu ya hofu ndiyo dada mkubwa wa sauti ya Roz. Ukiweka sentensi moja kuhusu Miss Caroline ndani ya aya ya Roz, msomaji wako ataona kwamba huandiki kuhusu filamu tatu zilizookotwa. Unaandika kuhusu mtu mwenye mkono wake.

Day One ndiyo ninayoipenda zaidi katika zako tatu, na ndiyo inayoandikwa vibaya zaidi, kwa sababu watu huiandika kama filamu ya majitu. Majitu yapo: vipofu, wenye masikio makali, wanaomrukia yeyote anayetoa sauti. Lakini mwelekezi, Michael Sarnoski, ameifanya hadithi ya mwanamke aitwaye Sam, mshairi, mgonjwa wa saratani anayeishi katika nyumba ya kutunzia wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Siku majitu yanaposhuka New York, kila mtu anakimbia kuokoa maisha. Sam, ambaye maisha yamebaki kidogo tu, anageuka na kuelekea upande mwingine, Harlem, akatafute kipande cha pizza cha duka alilopelekwa na babake utotoni. Amembeba paka wake, Frodo. Njiani anaambatana na kijana Mwingereza, Eric, anayeigizwa na Joseph Quinn, ambaye hofu imemkaba hata hajui aende wapi.

Hapa una faida ambayo mhakiki wa ng'ambo hana, nayo ni kukulia Mombasa. Umewahi kukutana na shangazi aliyevaa ninja, ameziba uso akabakisha macho, pale sokoni Marikiti ukajua, kabla hajafungua mdomo, kwamba leo ameudhika. Umelisoma kwenye macho, kwenye mabega, kwenye namna alivyokishika kikapu. Tumia usomaji huohuo. Sam anapokuwa na maumivu hasemi "naumwa", hawezi. Angalia mkono unavyoenda ubavuni, hatua inavyofupika, jinsi anavyosimama kwanza kabla ya kuinua mguu. Angalia macho yanavyofanya kazi mbili kwa pamoja, yakimwambia Eric anyamaze na wakati huohuo yakimtuliza. Na usisahau kwamba mwanzoni, kabla ya majitu, Sam anazungumza, na anazungumza kwa ukali. Anasoma shairi la matusi mbele ya wagonjwa wenzake, anamkaripia muuguzi anayempenda. Zile dakika za maneno ndizo zinazoupa uzito ukimya unaofuata. Tumeshaujua ulimi wake, kwa hiyo ukinyamaza tunausikia ukinyamaza.

Tukio ambalo ningelikalia mimi ni la vibaraka. Wagonjwa wamepelekwa mjini kutazama onyesho la vibaraka, yaani wanasesere wanaochezeshwa kwa nyuzi, na jukwaani kuna kibaraka mtoto anayepuliza puto. Hakuna jitu lolote bado. Sam hakutaka kuja, amekuja kwa ahadi ya pizza, amekaa kwa kiburi. Na taratibu ule uso uliofungwa unafunguka. Lupita hafanyi jambo kubwa. Kidevu kinashuka kidogo, macho yanasahau kujilinda, na kwa muda mfupi mbele yetu yuko mtoto anayetazama puto. Ukilieleza tukio hili vizuri huhitaji kumwambia msomaji kwamba Sam anaogopa kufa na hataki kuonyesha.

La pili ni la radi. Sam na Eric wako ndani ya nyumba yake, mvua kubwa inanyesha, na wanagundua kwamba ngurumo inafunika sauti ya binadamu. Basi radi ikipiga, wanapiga mayowe. Kimya, radi, yowe, kimya tena. Hofu yote waliyoimeza tangu asubuhi inatoka kwa vipande, kwa ratiba ya mbingu. Ukitaka kujua kwa nini filamu hii ilimhitaji mwigizaji mwenye mafunzo ya jukwaani, linganisha uso wake sekunde moja kabla ya yowe na sekunde moja baada yake.

Nina la kuilaumu pia, na wewe usiogope kulaumu. Paka ni mtiifu mno. Katika jiji ambalo kikohozi kinaua, Frodo anapita kwenye maji, vumbi na umati bila kulia, kila inapofaa kwa hadithi, na baada ya muda unaacha kumwogopea. Hilo ni kosa la hati ya filamu, halimhusu Lupita. Yeye kwa upande wake alikuwa akiogopa paka maishani kiasi cha kuhitaji kuzoeshwa kabla ya upigaji picha, na baada ya filamu akaishia kufuga wake. Ukimtazama anavyomkumbatia Frodo, huoni hofu hiyo hata chembe.

Us ni ya mwaka 2019, ya Jordan Peele. Familia ya Wilson iko likizo karibu na ufuo wa Santa Cruz, na usiku watu wanne waliovaa nguo nyekundu wanasimama nje ya nyumba yao. Ni wao wenyewe, nakala zao, na wana mikasi. Lupita ni Adelaide, mama wa familia, na ni Red, kiongozi wa nakala. Wahakiki wengi hushangazwa na Red, na wana haki. Anatembea wima kana kwamba uti wa mgongo umefungwa ubao, kichwa kinageuka kikiwa peke yake, na sauti inakwaruza na kukatika kama koo halijatumika kwa miaka. Anapoketi karibu na moto na kuanza kueleza maisha yake kwa mtindo wa hadithi za watoto, nywele zinasimama.

Lakini mimi ningekushauri umwandike Adelaide zaidi. Red amevaa ajabu yake nje. Adelaide ameificha. Rudi kwenye gari, familia ikielekea ufuoni, wimbo unapigwa, na Adelaide anamhimiza mwanawe ashike mdundo kwa kuchezesha vidole. Msikilize anavyopiga vidole yeye mwenyewe: yuko nje ya mdundo. Anatabasamu, anaangalia nyuma kwa mtoto, ni mama wa kawaida kabisa, na kuna kitu hakikukaa sawa. Mara ya kwanza hilo linakupita. Filamu nzima Lupita ameijenga hivyo. Adelaide anakawia kidogo kuitikia salamu za marafiki, anakaa kwenye kiti kama mgeni, anasema waziwazi kwamba kuzungumza humpa taabu. Na kadiri usiku unavyokwenda na damu inavyomwagika, anazidi kutoa sauti zisizo maneno. Ukitazama tena unaona kwamba yale mambo mawili, mwanamke na nakala, Lupita hakuyacheza kama usiku na mchana. Ameyacheza kama ndugu.

Kuhusu sauti ya Red kuna jambo la kulieleza kwa haki. Lupita alisema wakati wa kuitangaza filamu kwamba aliichukua kutoka kwenye hali ya kiafya inayofanya misuli ya koo ikaze bila hiari ya mtu. Walio na hali hiyo, na mashirika yao, walilalamika kwamba maradhi yao yamegeuzwa kuwa sauti ya kiumbe cha kutisha. Aliomba radhi hadharani. Mhakiki akiisifu sauti hiyo bila kulitaja hilo amesema nusu, na akilitaja peke yake bila kueleza sauti inafanya nini ndani ya filamu amesema nusu nyingine. Weka yote mawili. Halafu upande wa Peele: karibu na mwisho Red anapewa hotuba ndefu ya kueleza kila kitu, na hapo filamu inapoteza kitisho chake. Lupita anaibeba hotuba hiyo hadi mwisho, lakini mzigo ulikuwa wa bure. Wahakiki wa filamu wa New York walimpa tuzo ya mwigizaji bora wa kike mwaka huo, na Oscar haikumpa hata uteuzi. Mimi nilisikitika na bado nasikitika.

Sasa jambo ambalo vijana wengi huliruka: kutenganisha kazi ya mwigizaji na kazi ya wengine. Mtu anatoka kwenye filamu machozi yamemjaa anasema Lupita amemliza. Labda. Labda ni muziki. Katika The Wild Robot, Roz anapokimbia akimsindikiza mwanawe anayepaa na kundi, hasemi kitu. Machozi yako hapo wanayastahili Kris Bowers aliyetunga muziki na wachoraji walioichora ile mbio. Ukimpa Lupita sifa ya tukio hilo umewaibia wengine, na umemvunjia heshima yeye pia, kwa sababu kazi yake halisi iko kwingine na hujaisema. Jiulize kila mara: ningeondoa muziki, ningeondoa mikato ya mhariri, kingebaki nini? Kinachobaki ndicho chake. Nguo nyekundu za Red si zake. Mwendo ndani ya nguo hizo ni wake.

Hii inanileta kwenye namna ya kutazama. Mara ya kwanza tazama kwa raha, kalamu iwe mbali. Kisha chagua tukio moja kutoka kila filamu, dakika tatu au nne, urudi kwayo. Day One itazame usiku ukiwa umezima feni, najua joto letu lilivyo, lakini feni inakula nusu ya sauti za filamu hiyo, na pumzi za Sam ndizo mazungumzo yake. The Wild Robot isikilize tukio moja ukiwa umefumba macho. Us itazame ukiwa umezima sauti kabisa, uone kama bado unamtambua Adelaide na Red kwa mwili tu. Na kama nakala uliyoipata ni ile iliyosimuliwa juu yake kwa mtindo wa DJ Afro, msimulizi wa filamu, tafuta ile ya asili. Usimulizi ule ni sanaa yake na una wapenzi wake, mimi mmojawapo, lakini unaifunika sauti ya mwigizaji, na huwezi kuhukumu ambacho hukukisikia.

Mamako mdogo amesema usimkosoe kwa kuwa ni wetu. Mpe salamu zangu, namwelewa. Lupita alizaliwa Mexico City mwaka 1983 akalelewa hapa Kenya, akaigiza jukwaani Nairobi akiwa msichana wa miaka 14, na Machi 2014 alipoinua Oscar kwa filamu yake ya kwanza ndefu, 12 Years a Slave, nchi nzima ilisimama. (Na ukiitaja, itaje sawasawa: alishinda kama mwigizaji msaidizi.) Lakini kuwa wetu kunakupa maarifa ya kutumia, hakumpi yeye msamaha. Chukua Queen of Katwe ya mwaka 2016, ambamo ni Harriet, mama mchuuzi wa Kampala. Mhakiki wa London anasikia Kiingereza cha Kiafrika, basi. Wewe unasikia kama kimekaa Uganda au kimeteleza kuja Nairobi, unajua mama wa namna hiyo anavyofunga leso na anavyomtazama mgeni anayetaka kumchukulia mtoto. Unaweza kumsifu au kumkosoa pale ambapo wao hawana hata masikio. Hiyo ndiyo haki ya "wetu", na ningependa uitumie.

Na palipo na udhaifu pasemwe. Katika The 355 ya mwaka 2022 yeye ni mtaalamu wa kompyuta kwenye kundi la majasusi wa kike, na sehemu kubwa anachofanya ni kugonga vitufe na kuwaeleza wenzake, na sisi, mambo yanayoendelea. Anafanya kwa weledi, hakuna linalobaki akilini. Sentensi moja kuhusu filamu hiyo itausaidia uhakiki wako, kwa sababu inaonyesha kinyume cha swali lako: alipoachiwa vyombo vyake vyote, uso, mwili na sauti, lakini akakosa mtu wa kuigiza, kazi haikusimama. Msomaji akikuona umesema hivyo atakuamini unapomsifu.

Kuhusu lugha. Sentensi kama "Lupita ameigiza kwa hisia kali katika filamu hii ya kusisimua" ifute ukiiona, kwa sababu inaweza kuandikwa na mtu ambaye hakutazama filamu. Badala ya sifa weka kitendo. Jaribu hivi: "Puto linakua mkononi mwa kibaraka na uso wa Sam unalegea. Kwa mara ya kwanza tangu filamu ianze amesahau kwamba anaumwa, na sisi tumesahau pamoja naye." Hakuna neno "vizuri" hapo, hakuna "kali", na msomaji ameshajua kwamba mwigizaji ni hodari. Kiswahili kina vitenzi tele vya macho peke yake: mtu hukodoa, hukazia, huchungulia, hukwepesha, hurembua. Tumia kinacholingana na ulichokiona, na kabla hujakiandika rudi kwenye tukio uhakikishe kwamba ndicho.

Mpangilio ningeuacha usilingane. Roz afungue, apewe aya mbili. Day One ipewe nafasi kubwa kuliko zote, kwa sababu ndiyo uliyo na cha kuisomea. Us ifuate, na humo uingize lile la sauti na malalamiko. Ukiona filamu moja imekula nusu ya uhakiki, iache hivyohivyo. Wahakiki wanaogawa maneno sawasawa kwa kila filamu huishia kuandika ripoti.

Kuharibu uhondo: mwisho wa Us usiuseme, wala usidokeze kwamba kuna cha kudokezwa. Vidole vilivyo nje ya mdundo vitaje kama alama ya mtu asiyetulia, uishie hapo. Mwisho wa Day One unaweza kukaribia mpaka kwenye klabu ya muziki wa jazi ambako babake Sam alikuwa akipiga piano, ambapo Eric anamfanyia mazingaombwe ya karata bila kutoa sauti na furaha inampanda Sam usoni. Kinachofuata baada ya pale mwachie mtazamaji.

Na wazazi wa hapa mjini watakuuliza, kwa hiyo waandikie mapema: Us ina damu nyingi na haifai watoto kabisa, Day One nayo si ya watoto. The Wild Robot watazame na wadogo zako, ila wajue kwamba vifo vimo tangu mwanzo, na vinatajwa bila kufichwa. Mtoto wa miaka minne huenda akataka kushikwa mkono.